Pale Kanda Ilipolika

Televisheni iliyo sebuleni kwangu hapa Umoja, Nairobi, ni ya inchi sabini na tano. Naanza na hiyo kwa sababu wageni wote huanza na hiyo, hata kabla ya salamu. Siku ilipoletwa ilibidi mlango ung'olewe pamoja na fremu yake, na fundi aliyeifunga ukutani aliniambia hajawahi kufunga kubwa hivyo upande huu wa barabara ya Outer Ring. Mimi shule niliiachia darasa la saba. Barua ya Kiingereza siwezi kuandika mpaka leo. Lakini nina hardware mbili, nina jumba la kupangisha kule Kware ambalo ukifika juu unahema, na wale waliokuwa wakinicheka nikisukuma mkokoteni Jogoo Road sasa hivi wananiita mheshimiwa. Watu husema najipiga kifua sana. Kifua ni changu.

Nyuma ya televisheni hiyo kuna kidude kidogo, hakizidi kiberiti, nilichokichomeka mwenyewe. Kinashika Wi-Fi ya nyumba, halafu chochote kilicho ndani ya simu yangu kinatokea ukutani kikubwa kama mlango wa duka. Watoto wangu wanakitumia kutazama mambo yao ya kelele. Mimi nilikinunua kwa sababu ya kanda moja ya video, zile nene za zamani, ambayo mama yangu ameihifadhi kwenye sanduku la bati tangu nikiwa mdogo, imefungwa kwa leso. Niliipeleka kwa jamaa mmoja mjini ambaye bado ana deki inayofanya kazi, akaihamisha, akanitumia kwa simu. Nilipokwenda kuichukua kanda yenyewe niliinusa bila kufikiri, palepale mbele ya wateja wake, na harufu ikanirudisha Mbotela, mtaa nilikokulia: plastiki iliyopata joto, mafuta ya ng'ombe, sabuni ya kipande.

Katika kanda hiyo yumo kaka yangu Japheth, kifungua mimba wa kwetu, siku aliyopanda ndege kwenda Amerika kusoma. Hakurudi. Kama yuko hai au alikufa, hakuna anayejua. Sasa, kwetu magharibi mtu akipotea hivyo na mwili usipatikane, ukoo hukata mgomba, ukaufunga shuka, ukauzika kwenye kaburi kama mtu, ili yule aliyepotea apate mahali pa kulala na walio hai nao walale. Na mama mzazi, kama yupo, ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wazee wamelitaka jambo hilo tangu baba alipofariki, na mama amekataa. Siku hizi miguu yake imekwisha, anakaa kwangu, kwa hiyo wazee wananipigia mimi. Zungumza na mama yako, wananiambia, mambo haya yafanyike angali anaona. Na mimi niko upande wa wazee, sijaficha. Nimesema kwenye harusi, nimesema kwenye mazishi, nimemwambia mama usoni: Japheth alikufa zamani, tumzike.

Basi nieleze kwa nini amekataa, maana kwa hilo nilikuwepo.

Tulikaa Mbotela, nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, chumba kimoja na pazia katikati. Baba alikuwa wa idara ya mitaro. Jioni alinawa nje kwanza, mpaka kwenye viwiko, mama hakumruhusu kuvuka kizingiti kabla ya hapo. Dada zangu walikuwa wameshaolewa. Japheth naye alikuwa amesoma mpaka walimu wakaja nyumbani kumtazama baba tu, kuona ni mtu wa namna gani aliyezaa kichwa kile. Nakumbuka baba alivyokaa kwenye stuli mbele yao, mikono imewekwa magotini, akinuka mtaro na sabuni, akitazamwa.

Siku hizo mtu akienda ng'ambo hakusindikizwa na jamaa zake peke yao. Alisindikizwa na mtaa. Basi lilikodiwa, kina mama wa kanisa wakavaa sare zao, na vijana wakachanga wakamleta mpiga video kutoka mjini, mtu mwenye kofia, na kamera iliyokaa begani kama jiwe la kusagia. Kule uwanja wa ndege wa Embakasi kulikuwa na roshani juu, ya watu kupungia ndege. Mimi nilikuwa mabegani mwa baba. Nilimwona Japheth akitembea peke yake kwenye lami, suti ya kuazima ikimpepea, mpaka kwenye zile ngazi za chuma. Akapanda. Alipofika juu akageuka, akatutafuta kwa macho, akainua mkono. Halafu akainama, akaingia kimlangoni.

Mimi nilijua amefika. Ndivyo nilivyoelewa: Amerika iko pale juu ya ngazi, ndani ya kile kimlango. Ndege ilipoanza kusonga nililia mpaka baba akanishusha, na watu wakaniambia nyamaza, kaka atarudi. Hawakujua ninalia nini. Mimi nilikuwa naona Amerika inachukuliwa na mtu hata sijachungulia ndani.

Sisi hatukuwa na televisheni. Aliyekuwa nayo ni Baba Wambui, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu wa Murang'a mwenye buchari, duka la nyama, pale karibu na barabara. Televisheni yake ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango na kufuli, na ufunguo wa kufuli ile alikuwa ameuning'iniza pamoja na ule wa buchari, kwa hiyo ufunguo wenyewe ulikuwa na mafuta. Jumamosi vijana walikuja kutazama picha za karate. Jumapili baada ya kanisa ilikuwa zamu ya mama. Alibeba chupa ya chai na chapati zilizofunikwa kitambaa, kanda kwapani, mimi nyuma.

"Karibu, Mama Japheth," Baba Wambui alikuwa akisema huku akihangaika na kufuli. "Kijana ameshafika uwanjani. Anakungoja wewe tu apande."

"Wewe nawe," mke wake alimwambia. "Mama Japheth, keti hapa, huyu mwache azungumze na kufuli."

Mama aliketi mgongo wima, hata kiti hakukiegemea, kama mtu aliye ofisini kwa mkubwa. Alitazama yote. Hotuba ya mzee wa kanisa, nyimbo, watu wakishuka kwenye basi, wakubwa wa mtaa wakisukumana kusimama mbele ya kamera. Hakusema neno mpaka Japheth afike juu ya ngazi na kuinua mkono.

"Hapo. Simamisha hapo."

Baba Wambui alibonyeza. Japheth alisimama hewani na mkono wake, picha nzima ikitetemeka.

"Rudisha."

Alirudisha. Japheth alishusha mkono, akashuka ngazi kinyumenyume, akapanda tena.

"Simamisha."

"Mama Japheth, huyu mtoto unamchosha," Baba Wambui alisema siku moja. "Tangu saa nane anapanda ndege. Hata rubani ameomba akalale."

Sote tulicheka. Mama naye alicheka, akafuta jicho kwa pindo la leso. Kisha akasema, "Rudisha tena."

Barua ya kwanza ya Japheth baba aliisoma akiwa amesimama, kama anavyosoma mtu kanisani. Ilisema kule kuna baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Ilisema barafu huanguka kutoka mbinguni kama unga unaochekechwa, nyeupe, bila sauti, na mtu akiacha gari nje asubuhi halioni. Mama aliomba mstari wa baridi usomwe tena. Baba akausoma. Akaomba tena. "Si ni huohuo," baba akasema, lakini akausoma.

Sasa Jumapili moja, mama alipokuwa amesema simamisha, nikaona vitu vyeupe vinaanguka juu ya Japheth. Vilikuwa vichache, upande wa juu, kisha mstari mzima ukashuka ukampita usoni. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, karibu kuliko wote.

"Mama," nikasema, "barafu imeanza."

Baba Wambui alicheka mpaka akashika tumbo. "Barafu ya wapi? Kanda inalika hapo, kijana. Kila siku tunaisimamisha mahali pamoja, na deki inaikwangua." Halafu akaacha kucheka, akamgeukia mama. "Lakini nakuambia kama ndugu, Mama Japheth. Tukiendelea hivi, hapo patabaki weupe mtupu."

Mama alikuwa anatazama mbele. "Rudisha," akasema.

Sikumwamini Baba Wambui. Yeye alijua ng'ombe. Barua ilikuwa imesema barafu huanguka, na mimi nilikuwa naiona ikianguka, na kila Jumapili ilizidi kama mvua inavyozidi. Nilikuwa natazama kama Japheth ameshusha mkono akajifunga koti. Hakushusha. Nilimwona mjinga kidogo, mtu mwenye masomo yote yale kusimama mlangoni na baridi namna hiyo.

Tukirudi nyumbani nilimwambia mama hivyo. Tulikuwa tumefika kwenye mfereji, pale watu wa Mbotela walipochotea maji. Alisimama.

"Wewe umeona anatetemeka?"

"Anatetemeka."

Na ilikuwa kweli. Picha iliyosimamishwa hutetemeka, hakuna picha ya namna hiyo isiyotetemeka.  Siku ya pili yake alirudi kutoka dukani na nyuzi za sufu, rangi ile tunayoita damu ya mzee, na miti ya kufumia mipya. Mpaka leo sijui aliamini nini. Mtu mzima anajua kanda ni kanda. Lakini mtu mzima pia anajua mtoto wake hana sweta, na hilo halikuhitaji kanda.

Alifuma mlangoni mchana, alifuma kando ya jiko jioni, na wanawake wa kwetu waliopita walikaa kidogo wakamshikia uzi. Wote walijua sweta inakwenda wapi. Ilipofika mabegani akamwita baba.

"Simama hapa, Baba Japheth."

"Nimetoka kazini."

"Simama tu. Geuka. Inua mkono."

"Wa nini?"

"Inua kama unampungia mtu."

Baba akainua mkono, mama akapima kwapa kwa uzi. Baba alikaa hivyo, mkono juu, akitazama ukuta, na mimi nikamwona anakuwa mzee palepale. "Mimi si yeye," akasema.

"Najua wewe si yeye. Ungekuwa yeye ningekuwa nakupakulia."

Tuliipeleka posta mimi na mama. Niliruhusiwa kulamba stempu. Ulimi wangu ulikaa na ladha ya gundi mpaka usiku na sikutaka kunywa maji, kwa sababu niliona ladha hiyo inakwenda Amerika na mimi ninayo.

Halafu tukangoja. Barua zilikuwa zinakuja, zikawa za Krismasi tu, Krismasi moja ikapita kavu. Jumapili tuliendelea kwenda kwa Baba Wambui. Barafu sasa ilikuwa imefika kifuani mwa Japheth, uso ulionekana na kupotea, mkono peke yake ndio uliokuwa umebaki juu.

Kifurushi kilirudi. Baba alikitoa posta, akakiweka mezani, akakaa mbali nacho. Kilikuwa na mihuri mipya juu ya ile ya kwetu, na fundo la kamba lilikuwa lilelile la mama.

"Wameandika nini?" mama akauliza. Yeye hakujua kusoma.

"Wameandika amehama."

"Amehama kwenda wapi?"

"Hawajaandika."

"Wameona anahama na hawajaona anakokwenda?"

 Mama alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akatoa sweta, akaipeleka puani. Alikaa nayo hapo muda. Nilifikiri atasema inanuka nini, kwa sababu mimi pia nilitaka kujua Amerika inanuka nini. Aliishusha akaikunja. "Hajaivaa," akasema, na hayo ndiyo aliyosema jioni ile yote.

Asubuhi aliketi mlangoni akaanza kuifumua. Mimi nilinyoosha mikono miwili mbele, na uzi ukawa unazungushwa kwenye vifundo vya mikono yangu. Ulikuwa umejikunja kama tambi, hautaki kunyooka. Nikamuuliza kwa nini anaifumua.

"Sweta yako ya shule imekutoka viwiko," akasema. Basi, ni hilo tu. Sufu ilikuwepo, mtoto alikuwepo, na shule yetu ilivaa rangi hiyohiyo.

Lakini wale wanawake wa kwetu walipita kwenda mferejini wakaona. Sweta waliijua, uzi wake walikuwa wameushika kwa mikono yao. Walijua ilitumwa Amerika. Sasa wanaiona imerudi bila barua, na mama mwenyewe kakaa mlangoni anaifumua, haongei. Kwao hapakubaki la kuuliza. Nguo ya mtu aliye hai hairudi peke yake, na mama hawezi kuifumua akiwa na macho makavu hivyo isipokuwa ameshamaliza kulia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumuuliza. Walirudi makwao, wakafunga leso kiunoni, wakaambiana.

Walikuja baada ya chakula cha mchana. Aliyetangulia ni Mama Rasoa, mwenye sauti kubwa kanisani. Alianza kwenye kona ya mtaa, kama inavyotakiwa, mikono kichwani, akimwita Japheth kwa jina na kumuuliza kwa nini ametuacha. Nyuma yake walikuja wengine na sukari, na unga, na sufuria kubwa ya kupikia wageni. Wanaume wawili walibeba benchi wakaliweka ukutani. Mtaa ukajaa. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mikono na uzi juu yake, na nikaelewa kwamba barafu imemfunika. Nililia kwa nguvu kuliko wote. Niseme ukweli, katika kulia kule kulikuwa na kujivuna, kwa sababu mimi ndiye niliyeiona ikianza, Baba Wambui akanicheka.

Mama alisimama na donge la uzi mkononi.

"Mnamlilia nani?"

Mama Rasoa akanyamaza katikati ya neno. "Mama Japheth. Pole. Tumesikia."

"Mmesikia kwa nani?"

"Basi, tumeona."

"Mmeona sweta," mama akasema. Hakupaza sauti, na watu wa nyuma walisogea ili wasikie. "Chukua sukari yako, Mama Rasoa. Na wewe, sufuria yako. Na nyinyi wawili, hilo benchi lirudi lilikotoka. Na mnisikie vizuri. Atakayemlilia mtoto wangu nikiwa hai, anililie mimi kwanza."

Kisha akaniambia, "Nyoosha mikono," akakaa, akaendelea kuzungusha uzi. Mimi kamasi zikinishuka, siwezi kufuta.

Waliondoka mmoja mmoja. Lakini sukari iliyoletwa matangani hakuna aliyetaka kuirudisha nyumbani kwake, wakaiacha pale mferejini, vifuko vimepangwa juu ya saruji, na unga pembeni. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kuitumia. Siafu waliikuta. Nikienda shule niliwaona wamejipanga kutoka ukutani mpaka kwenye vile vifuko, na nilitamani kuchovya kidole, lakini mama alikuwa ameniambia atakikata.

Tulikwenda kwa Baba Wambui mara moja tu baada ya hapo. Japheth alitembea kwenye lami, akapanda ngazi, na juu ya ngazi picha ikawa nyeupe, ikavuma kama mafuta jikoni. Mama hakusema simamisha. Baba Wambui, ambaye hakukosa mzaha hata akipima maini, alisugua mikono kwenye suruali. "Sasa hapa hakuna mtu, Mama Japheth," akasema polepole. Mama aliomba kanda yake. Aliifunga kwa leso, akamshukuru mke wa Baba Wambui kwa kiti, tukaenda nyumbani.

Sweta niliivaa mpaka ikanibana. Wavulana wa shule walikuwa na maneno. "Cheki sweta imerudi na ndege peke yake," walisema. "Niaje, braza yako aliingia mitini ama kwa friji?" Nilipigana na wale niliowaweza, na wale nisiowaweza nilipigana nao pia. Baba aliposema hawezi kulipia shule zaidi ya pale nilikubali upesi, nikaenda kusukuma mkokoteni, na watu wakashangaa mtoto asiye na kinyongo. Sikuwaambia kwamba masomo nilikuwa nimeshaona yanampeleka mtu wapi. Yanampandisha ngazi, anasimama juu, anafunikwa. Mimi nilikaa chini. Nikauza misumari kwa kilo, nikauza rangi, nikauza mabati. Nimemjengea mama nyumba ya mawe kule nyumbani, baba nimemzika kwa kuchinja ng'ombe wawili. Na mtaa mzima, kokote tulikohamia, haukuacha kumwita Mama Japheth.

Jumapili iliyopita nilimsogeza mama mbele ya televisheni kwenye kiti chake cha magurudumu. Mke wangu akaleta chai. Sikumwambia mtu nilichokuwa nimepanga, lakini nilikuwa nimepanga. Yule jamaa wa mjini alikuwa ameniambia kanda yote imetoka vizuri isipokuwa mahali pamoja karibu na mwisho, hapo imeliwa, hakuna kitu, hata kompyuta haikuokoa. Nikawaza, mwache aone mwenyewe. Akiona kwa macho yake kwamba hayupo, atakubali.

Nilirusha picha kutoka kwa simu. Ikakaa sawa, ikaanza, mara mteja akapiga, na picha ikazima, jina lake likajaa ukuta mzima: Mathayo Mabati.

"Huyu naye ni nani?" mama akauliza. "Alikuwa uwanjani?"

Mke wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Nilikata simu ya Mathayo, nikaanza upya.

Rangi zilikuwa zimefifia, lakini kwa ukubwa ule unaona mpaka vifungo. Basi likasimama. Watu wakaanza kushuka, na mama akainua kidole.

"Mama Rasoa huyo. Alikufa."

"Ndiyo, mama."

"Huyo wa kofia, mzee wa kanisa. Alikufa. Baba Wambui, amekuja na aproni, mtu huyu. Alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Mke wake yupo?"

"Naye alikufa, mama."

"Nilikuwa sijui." "Baba yako huyo. Na wewe uko juu yake, tazama, umemkanyaga tai."

Sikuwa nimejua kwamba baba alivaa tai siku ile. Niliangalia miguu yangu kifuani mwake, viatu vipya, na mikono yake imeshika vifundo vya miguu yangu. Mama aliendelea. Alikufa, alikufa, huyo alikwenda kwao sijui, huyo alikufa. Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja vituo njiani.

Japheth akatokea kwenye lami. Hapo kanda ni safi, kwa sababu hapo hakuna aliyewahi kuisimamisha. Anatembea, kisogo kimenyolewa vizuri, suti inapepea. Anapanda ngazi. Anaanza kugeuka, shavu linaonekana, ukingo wa jicho. Kisha ukuta wangu wote ukawa mweupe, inchi sabini na tano, na mvumo wake ukajaa nyumba.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuzungumza. Nilikuwa na maneno tayari. Badala yake nikajikuta naburuta kidole kwenye simu, nakirudisha nyuma. "Ngoja, mama," nikasema, "nitarudisha."

"Usirudishe."

"Kuna mahali anaonekana. Shavu linaonekana."

"Nimeliona." Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Weupe ulimwangaza uso mpaka nikaona mishipa. "Huyo pia," akasema.

"Huyo pia nini?"

"Huyo pia alikufa."

Mimi, niliyelisema neno hilo miaka yote hii mbele ya watu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hatujui, mama. Watu wanakaa huko, wanazeeka. Huenda yuko."

"Piga simu nyumbani. Waambie wakate mgomba."

"Si lazima leo."

"Piga."

"Nikipiga, picha itazima."

"Wacha izime."

Mke wangu alinitazama, akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Nilikaa na ile simu. Nimeongea na mameneja wa benki kwa simu hiyo, nimefukuza wapangaji, nimewaambia madereva wa malori maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Mama alingoja. Hakuniharakisha. Ule weupe ukaisha, kamera ikarudi kwenye roshani, kwa kina mama waliovaa sare wakipunga leso zao, na nikabonyeza jina la baba mdogo, yule anayenipigia kwa niaba ya wazee. Wao wakatoweka. Jina lake likatokea kubwa ukutani, likilia.

"Ndiyo, mwanangu," akasema baba mdogo. Kuku walisikika nyuma yake. "Vipi? Amekubali?"

Nilitazama jina lake pale ukutani.

"Haloo? Mko salama? Mama yako yuko?"

"Yuko," nikasema.

Mama aliinamia upande wangu kidogo, kiti kikalia. "Mwambie wachague mrefu," akasema. "Wasije wakakata mgomba mfupi. Yule alikuwa mrefu kuliko baba yake."